Chombo Kilichojinusa

Wiki ambayo mama alinituma Kipawa kumchunguza mchumba wa dada yangu, mimi nilikuwa nahangaika na jambo lingine kabisa: nilitaka kueleza, kwa ukurasa mmoja tu wa karatasi, kometi inanukaje.

Kometi ni ile nyota yenye mkia, ingawa si nyota. Ni bonge la barafu chafu na vumbi lililobaki pembeni tangu Jua na sayari zake vilipokuwa vinaundwa. Likilikaribia Jua linapata joto, barafu inageuka gesi moja kwa moja bila kuwa maji kwanza, na gesi hiyo ikitoka inabeba vumbi. Huo ndio mkia. Hayo niliyaandika bila shida. Shida ilianza nilipotaka kusema ni gesi gani hasa, na nani alikwenda kuzipima.

Nafanya kazi kwenye steshenari ndogo huku Temeke. Natoa fotokopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti. Ukutani, juu ya printa, nimejipa nafasi ya karatasi moja, na kila wiki nabandika maelezo niliyoandika mwenyewe kuhusu mambo ya anga. Hakuna aliyeniagiza, na tajiri wangu ananivumilia kwa sababu wateja wanaosubiri wanapata cha kusoma. Kemia nilifeli kidato cha nne. Ninachokijua nimekiokota kwenye simu, usiku na mchana, bando likiruhusu, na kwa sababu nimekiokota ninaogopa kila wakati kwamba nimeokota kibovu. Naweza kubandua ukurasa kwa sababu ya koma. Naweza kumfuata mteja mpaka barabarani kumwambia kwamba kile alichosoma jana kilikuwa na kosa, na yeye hata hakumbuki alisoma nini.

Ninachotaka kukiri mapema ni kwamba shaka yangu haiishii kwenye karatasi. Nashuku chenji. Nashuku watu wanaotabasamu haraka. Mtu akinisifia natafuta anataka nini. Mama anajua hivyo, na nadhani ndiyo maana alinichagua.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Dada alikuwa amebaki kanisani kwenye kwaya. Mama alivua viatu, akakaa, akaniita kwa sauti ya chini ingawa tulikuwa wawili tu ndani.

"Kesho ukitoka kazini nenda Kipawa."

"Kufanya nini, mama?"

"Kutafuta chumba."

"Tunahama?"

"Usijifanye mjinga. Yule kijana amepanga kule. Barua ya posa imeshafika, mshenga anasubiri jibu, na mimi sijui kama ana mke, ana watoto, au anakunywa. Wewe si unapenda kuchunguza vitu vya mbinguni huko? Chunguza na hiki cha hapa."

Sisi ni watu wa bara, na kwetu barua ya posa haijibiwi kabla ya kuulizia. Anatumwa mtu mmoja kwenda mtaani kwa mwanamume, anajifanya ana shida nyingine, anasikiliza majirani. Mwenyewe haulizwi, maana mwenyewe atasema uongo. Nilifurahi kutumwa, na niliogopa. Neno zito kwenye orodha ya mama lilikuwa lile la mwisho. Baba yetu alikunywa mpaka kazi ikamkimbia, na baadaye akatukimbia na yeye. Dada alikuwa mkubwa wa kutosha kumfungulia mlango zile siku, mimi sikuwa. Kwa hiyo nilijua kazi yangu: nikikosea nikamkubali mlevi, dada atarudi kufungua mlango ule ule. Nikikosea nikamkataa mtu mwema, nitakuwa nimemnyang'anya dada mume kwa mdomo wangu.

Nyumba aliyopanga yule kijana iko karibu sana na uwanja wa ndege. Kila baada ya muda ndege inapita juu, mazungumzo yanasimama, watu wanasubiri midomo ikiwa wazi, kisha wanaendelea pale pale walipoishia. Mlangoni alikuwepo mama mmoja anakaanga maandazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibu."

"Asante. Samahani, naulizia chumba cha kupanga."

Hakujibu. Alikuwa ananiangalia, kwa sababu nilikuwa nimetoa tishu mfukoni nafuta benchi kabla ya kukaa. Sikujua nafanya hivyo mpaka niliposhtuka na macho yake.

"Kaa tu," akasema. "Benchi haling'ati."

Nikakaa. Nikanunua maandazi. Nikauliza tena habari ya chumba.

"Chumba kimekuwa dili siku hizi," akasema. "Wewe wa pili. Juzi kaja mzee na pama yake kichwani, mtu wa heshima zake, na yeye anatafuta chumba. Kabla hajamaliza kutafuta chumba akaanza kuniuliza huyu kijana wa chumba cha mwisho anaishi na nani, anasali wapi, analala saa ngapi. Nikamwambia, baba, wewe unatafuta chumba au unatafuta mume?"

Ndege ikapita. Tukasubiri. Nilicheka kuliko utani wenyewe ulivyostahili, ili asione uso wangu.

"Kwani huyo kijana ana nini?" nikauliza, kama mtu asiyejali.

"Hana neno. Anasalimia. Umeme analipa bila kugombana."

"Hanywi?"

"Mie sijamwona akinywa." Akageuza maandazi. "Lakini mie nalala mapema."

Nikaaga. Nilikuwa nimeshafika barabarani aliponiita.

"Baba! Kodi mbona hujauliza?"

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na huyo mzee wa pama kichwani mwangu. Mzee wa heshima haendi kuulizia kijana asiyemjua anasali wapi. Anauliza kwa sababu ana binti. Kuna posa nyingine. Kuna familia nyingine mahali fulani, Tabata au Mbezi, imekaa sebuleni inasubiri kujibu barua ya mtu yule yule. Kadiri nilivyoligeuza ndivyo lilivyozidi kukaa sawa. Na nitasema ukweli: kulikuwa na utamu ndani yake. Yule kijana alikuja nyumbani mara mbili, na mara zote mbili alitabasamu haraka.

Sikusubiri kikao cha familia. Nilimkuta dada uani anafua sare zake za shule, maana anafundisha shule ya msingi, nikamwambia yote. Hakulia wala hakuuliza swali. Alikamua shati mpaka likaacha kudondosha maji, akalitundika, akaingia ndani. Jioni ile simu yake iliita mezani, jina la yule kijana likiwaka kwenye kioo, na yeye akaigeuza kifudifudi akaendelea kusahihisha madaftari. Kesho yake ikaita tena. Ikawa hivyo wiki nzima, na kila ilipoita mimi nilihesabu kuwa nimemwokoa.

Kazini nilirudi kwenye kometi yangu. Nilikuwa nimepata habari za chombo kimoja kilichosafiri miaka mingi mpaka kikaifikia kometi, kikaizunguka kwa muda mrefu ikielekea Jua. Ndani yake kulikuwa na kifaa ambacho, kwa lugha rahisi, ni pua: kinapokea gesi kidogo na kupima uzito wa molekuli zake. Nikaandika orodha ya harufu. Haidrojeni salfaidi, ile ya yai viza. Amonia, ile ya choo cha stendi. Sianidi, ambayo ni sumu. Fomaldihaidi, ile ya chumba cha maiti. Salfa daioksaidi, ile ya njiti ya kiberiti inapowashwa. Na alkoholi.

Aliyesoma wa kwanza alikuwa kijana wa bodaboda anayeegesha mbele ya duka letu. Huyu anasoma kila ukurasa wangu, na mpaka leo sijui kama ananipenda au ananicheka.

"Kwa hiyo wametuma chombo kote huko kwenda kunusa?"

"Ndiyo."

"Mayai viza na choo?"

"Na vingine."

"Si wangekuja hapa mtaroni, braza. Tungewapa na supu."

Wateja wakacheka. Nikasema kwamba jambo lenyewe ni zito, kwa sababu kometi imekaa kwenye baridi tangu mwanzo. Kilichomo ndani yake ndicho kilichokuwepo kabla dunia haijawa dunia. Wamekuta mpaka glaisini, asidi amino rahisi kuliko zote, kimojawapo cha vitu vinavyojenga miili yetu, na wamekuta fosforasi, ambayo tunayo kwenye mifupa.

"Nani kathibitisha?" akauliza. Sasa hakuwa anacheka. "Wameenda wenyewe, wamepima wenyewe, wametuambia wenyewe. Na hiyo pombe uliyoandika hapa, kule juu nani anapika?"

Pombe nilimjibu: vitu vile vile vya kaboni, haidrojeni na oksijeni vinaungana polepole juu ya punje za vumbi kwenye baridi kali, bila mpishi. Lakini lile swali la kwanza liliniuma, kwa sababu ni swali langu. Nilibandua ukurasa nikasema nitaubandika tena nikiwa na jibu.

Jibu nililipata, na ndilo jambo zuri kuliko yote niliyowahi kuyasoma. Kabla chombo hakijaifikia kometi, kikiwa peke yake kwenye utupu, walikiwasha kile kifaa chake. Walitegemea kukuta karibu hapana kitu. Kumbe kulikuwa na harufu. Maji, gundi, rangi, mafuta ya kulainishia vyuma, mabaki ya mafuta ya injini. Chombo kilikuwa kinatoa mvuke wake chenyewe, miaka baada ya kuondoka duniani, na mvuke ule ulikuwa unakizunguka kama jasho linavyomzunguka mtu. Pua ilikuwa inajinusa. Ikabidi wajue kwanza harufu ya chombo chenyewe, waiandike yote, ili wakifika kwenye kometi waitoe, na kitakachobaki ndicho cha kometi.

Na hata hapo walikuwa wagumu wa kuamini. Walipokuta oksijeni, ile tunayovuta, hakuna aliyeitarajia, kwa sababu oksijeni haipendi kukaa peke yake. Waliikagua kwa muda mrefu kabla ya kusema. Tena uzito wake ni karibu sawa na wa atomi ya salfa, na karibu sawa na wa methanoli, hivyo mzani wa kawaida ungesema vitu vitatu ni kitu kimoja. Wa kwao ulikuwa unaona tofauti ndogo sana, zile za baada ya nukta. Na glaisini nayo ina kisa chake. Chombo kingine cha kabla ya hicho kilipita karibu na kometi nyingine, kikanasa vumbi lake, kikalirudisha duniani. Walipokuta glaisini kwenye sampuli, jambo la kwanza walilolishuku ni mikono yao na mifuko ya plastiki waliyofungia vifaa. Walipima kaboni iliyomo ndani yake, wakaona uzito wake si wa kaboni ya huku kwetu, ndipo wakasema imetoka huko.

Niliyaandika hayo kwa mkono wangu. Niliyapanga, nikayapunguza, nikayachapa upya mpaka wino wa printa ukaanza kufifia na tajiri akaguna. Nikabandika. Yule wa bodaboda akasoma mpaka chini, akasema, "Kwa hiyo wanajishuku wenyewe kwanza. Hapo sawa." Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa na furaha, nikampita dada mlangoni, simu yake ikiwa inaita ndani, na sikuona kitu. Nasema hivi kwa sababu watu hudhani ukishajua jambo unalitumia. Mimi nililijua kiasi cha kulibandika ukutani.

Kikao kilikuwa Jumamosi mchana. Baba mdogo alitoka kwake Wazo. Tangu baba aondoke yeye ndiye anayesimama badala yake kwenye mambo ya ukoo, na analichukulia jambo hilo kwa uzito, mpaka anavaa koti hata kwenye joto. Aliingia, tukamwamkia, akavua kofia akaiweka juu ya goti. Ilikuwa pama ya kahawia. Nimeiona kofia ile tangu utoto wangu, na kwa sababu hiyo sikuiona.

Mama alikaa karibu na dirisha. Dada alikaa kwenye kiti cha pembeni, simu yake ikiwa kifudifudi mapajani. Baba mdogo akakohoa, akaanza.

"Shemeji uliniomba niulizie, nimeulizia. Nimeenda Kipawa mara mbili."

Nilishtuka. Sikujua kwamba na yeye ametumwa. Nilimtazama mama, na mama akatazama nje.

"Mara ya kwanza sikupata la maana," akaendelea. "Kwamba anasalimia watu, basi. Nikasema nirudi. Mara ya pili yule mama wa maandazi ndiyo akafunguka. Kanieleza kwamba juzi yake alikuja kijana mwembamba, wa miwani, anajidai anatafuta chumba. Kijana huyo hata kodi hakuuliza. Kazi yake ilikuwa kumuulizia mchumba wetu, kama anakunywa. Tena mama akaniambia kijana mwenyewe ana majivuno, kabla ya kukaa alifuta benchi na tishu kama vile sisi wengine tuna ukoma."

Mama akaweka mkono kifuani.

"Maana yake nini?" akauliza.

"Maana yake kuna familia nyingine inapeleleza. Kijana kapeleka posa sehemu mbili. Hilo ndilo nililoliona, na mimi kwa upande wangu nasema barua irudishwe."

Dada hakuinua kichwa. Alikuwa ameshaambiwa na mimi, sasa ameambiwa na mtu mzima.

"Na wewe?" mama akanigeukia. "Ulikuta nini?"

Kijana wa tishu nilijua ni mimi, lakini mzee wa pama alikuwa bado amebaki, na nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno yangu yamepangwa: mzee wa pama, maswali yake, familia nyingine. Ningeyasema yale, na kesi ingefungwa pale pale, kwa sababu watu wawili, kila mmoja bila kujua safari ya mwenzake, wamekwenda siku tofauti na kurudi na jambo moja. Nikafungua mdomo, na macho yangu yakaangukia kofia juu ya goti.

Najua nilichokifikiria, na sikipendi. Nilifikiri: nikinyamaza hakuna atakayejua. Nilifikiri kwamba labda hata hivyo ni mtu mbaya, na matokeo yatakuwa sahihi hata kama njia ina kosa. Mimi, ninayebandua ukurasa kwa ajili ya koma. Na nilimfikiria baba mdogo, ambaye hajawahi kukosolewa mbele ya mama, na mimi nimfanye kichekesho na koti lake.

"Baba mdogo," nikasema, "ile siku ya kwanza ulienda umevaa hiyo pama?"

"Jua lile, nisivae?"

"Na ulisema unatafuta chumba?"

"Ningesema natafuta nini? Nyanya?"

"Yule mama aliniambia juzi yake kaja mzee wa pama anatafuta chumba. Nikadhani ni baba wa binti mwingine. Dada nilimwambia hivyo." Nikavua miwani. "Na huyo kijana wa tishu ni mimi."

Baba mdogo aliitazama miwani, akanitazama mikono, akageuka kumtazama mama.

"Shemeji. Ulitutuma wote wawili?"

"Nilitaka midomo miwili isiyojuana," mama akasema polepole. "Ili mmoja akidanganywa mwingine asidanganywe."

"Sasa si tumedanganyana sisi kwa sisi!"

"Chumba nilimtuma huyu, tishu na majivuno sikumtuma. Na wewe ningejuaje utatafuta chumba hicho hicho? Hamna uongo mwingine kwenye huu ukoo?"

Baba mdogo alitaka kukasirika, nikaona kicheko kinamshinda mabegani. Mama naye akajifunika uso na khanga. Nilikuwa karibu kucheka na mimi nilipomwona dada. Yeye hakucheka hata kidogo.

"Wiki nzima sijapokea simu yake," akasema.

Kicheko kikaisha.

"Haya, hiyo itoeni," akasema. "Toeni ya mzee wa pama, toeni ya kijana wa tishu. Mmebaki na nini?"

Baba mdogo akafikiri kwa haki kabisa, kama mtu anayepekua mifuko.

"Anasalimia," akasema.

"Umeme analipa," nikasema mimi.

"Kwa hiyo hamjui chochote."

Akaigeuza simu, akapiga mbele yetu. Ikapokelewa kabla haijaita vizuri. "Uko wapi? Kurasini? Njoo Temeke. Ndiyo, sasa hivi. Hujafanya kitu. Njoo hivyo hivyo."

Alifika hivyo hivyo, na viatu vyake vizito vya kazini, vumbi la yadi ya makontena limemkaa kwenye nyusi. Aliamkia kila mtu, akakataa kukaa kwenye sofa kwa ajili ya vumbi, akapewa stuli na glasi ya maji. Hakutabasamu haraka siku ile. Hakutabasamu kabisa. Mama akamtazama muda mrefu, na ninajua aliona anavunja utaratibu wote aliolelewa nao, maana mwenyewe haulizwi.

"Baba," akasema, "wewe unakunywa?"

"Nilikuwa nakunywa, mama. Nimeacha."

Hilo hatukulipata, sisi wawili, kwa safari zetu tatu na maandazi yetu yote. Baba mdogo akakaa sawa kwenye kiti. Mama akamgeukia dada.

"Ulijua?"

"Aliniambia mwanzoni kabisa. Nilijua nikisema mtakataa kabla hamjamwona."

"Hukuona sababu ya kuniambia?"

"Uliniuliza mimi, mama? Ulimtuma dogo."

Alipozungumza tena hakuwa anaongea na sisi. Alimwinamia yule kijana, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyewahi kuishi na jambo lile ndani ya nyumba.

"Ikikujia hamu unafanyaje?"

"Natembea, mama. Nikitoka kazini natembea mpaka ipite."

"Na isipopita?"

Akanyoosha kidole kidogo tu kuelekea kwa dada. "Nampigia yeye. Tunaongea habari za watoto wake wa shule. Inapita."

Nilimwona dada akifumba macho.

"Na wiki hii?" mama akauliza.

Alitazama viatu vyake. "Wiki hii hakupokea."

"Ukanywa."

"Nilifika mpaka mlangoni kwa baa, mama. Siku mbili. Nilisimama. Nikarudi nyumbani."

Nilimkodolea macho nikitafuta uongo. Nilitafuta kwenye mikono, kwenye nafasi kati ya neno na neno. Nilisogea hata kumpokea glasi ya maji aliyoimaliza, ili nipate kuwa karibu na pumzi yake, na nilinusa vumbi, jasho, na sabuni, na sikujua ni sabuni ya nani, yake au ya mikono yangu. Mpaka leo sijui kama alirudi kweli kutoka mlangoni au alipita. Hakuna mtu wa kumuuliza zaidi yake, na yeye ameshajibu. Nikasimama pale na glasi tupu, mimi niliyemfungia simu wiki nzima kwa ajili ya harufu yetu wenyewe.

Baba mdogo alikohoa, akataka kusema neno la ukoo. Mama akamwinulia mkono asubiri. Alikuwa bado anamtazama yule kijana, vumbi kwenye nyusi zake, vidole vyake vilivyoshikana, na nilidhani atauliza swali lingine. Hakuuliza. Alimgeukia dada.

"Na wewe," akasema, "simu uwe unapokea."